Raketi Nne, Hesabu Moja

Tuchukue mfano wa mechi moja ya raketiloni. Upande huu yupo mtu wa tenisi, upande ule mtu wa ping-pong. Mezani, mtu wa tenisi anapigwa 21 kwa 8. Wanahamia kwenye mpira wa vinyoya. Anajikongoja, anapoteza tena, 21 kwa 15. Skwoshi inampa nafuu, anashinda 21 kwa 16. Jumla ni 44 dhidi ya 58. Imebaki tenisi, mchezo aliolelewa nao, na kila anayetazama anajua kwamba katika uwanja huo mpinzani wake ni mwanafunzi tu.

Lakini hesabu imeshambana. Kushinda tenisi hakumtoshi. Lazima amalize 21 bila kumpa mpinzani pointi ya saba. Akimwachia saba, jumla inakuwa 65 kwa 65. Akimwachia nane, mechi imekwisha papo hapo, hata kama kwenye ubao wa tenisi yeye ndiye anayeongoza 16 kwa 8, kwa sababu pointi tano zilizobaki haziwezi tena kuziba pengo. Kwa hiyo mwanafunzi wa tenisi hahitaji kushinda mchezo asioujua. Anahitaji pointi nane tu, na kila moja atakayoinyakua itashangiliwa kuliko mpigo wowote mzuri wa bingwa.

Hapo ndipo ulipo mvuto wa raketiloni. Ni mchezo unaowakutanisha watu wawili katika michezo minne ya raketi kwa mfuatano: ping-pong, mpira wa vinyoya (badmintoni), skwoshi, kisha tenisi. Mpangilio huo unafuata ukubwa wa raketi, kutoka ile ndogo kabisa hadi kubwa. Kila mchezo una seti moja ya pointi 21, na mshindi wa seti lazima awe mbele kwa pointi mbili. Wachezaji wanapokezana kuanzisha mpira, mara mbili mbili. Hakuna anayepewa ushindi kwa kushinda seti nyingi. Pointi zote za michezo minne zinamwagwa katika chungu kimoja na kuhesabiwa pamoja. Jumla zikilingana, inachezwa pointi moja ya mwisho kwenye uwanja wa tenisi. Anayeanzisha anaruhusiwa mpira mmoja tu, bila nafasi ya pili. Wachezaji wa Ulaya wanaiita gummiarm, na aliyewahi kuicheza haisahau.

Mchezo huu ulizaliwa Finland na Sweden katika miaka ya 1980, kwenye nchi ambazo baridi huwafungia watu ndani kwa miezi na kumbi za michezo huweka meza, wavu na kuta za skwoshi chini ya paa moja. Jumba la namna hiyo lenyewe humshawishi mtu: ukimaliza mchezo mmoja, mlango wa mwingine uko hatua chache tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya kimataifa yalianza kufanyika kila mwaka, na shirikisho lake, Fédération Internationale de Racketlon, limepanga madaraja ili anayeanza asikutanishwe na bingwa. Ulaya ndiyo bado kitovu chake.

Kwa nini mtu aliyeubobea mchezo mmoja akubali kudhalilika katika mitatu mingine? Jibu limo katika hesabu. Bingwa wa tenisi hawezi kumpita mpinzani kwa zaidi ya pointi 21 katika tenisi, hata akiwa bora kiasi gani. Akizoea kuwashinda watu 21 kwa 10, halafu akajifua mwaka mzima hadi awashinde 21 kwa 6, amejiongezea pointi nne za tofauti. Lakini yule yule, ambaye kwenye ping-pong hufungwa 21 kwa 5, akijifunza kurudisha mpira wenye mzunguko na kufikisha 12, amejiongezea saba, na huenda zikamchukua miezi miwili tu. Michezo mingi humlipa mtu kwa kunoa kile anachokiweza tayari. Raketiloni humlipa zaidi kwa kwenda anakokukimbia.

Kila mchezaji wa raketi ana pembe ya kujifichia. Wapo wanaoukwepa mkono wao wa nyuma kwa kuzunguka mpira ili wapige kwa mkono wa mbele. Wapo wanaoanzisha kwa nguvu ili mpira usirudi kabisa, kwa kuwa wakilazimika kukimbia hawafiki mbali. Katika mchezo mmoja, hila hizo zinaweza kumbeba mtu maisha yake yote. Katika minne hazifiki. Meza inamuumbua mwenye mkono mzito, kinyoya kinamuumbua mwenye miguu mizito, kuta za skwoshi zinamuumbua mwenye pumzi fupi, na tenisi inamuumbua yule ambaye moyo wake unatetemeka akiwa peke yake kwenye uwanja wa mita 23.77.

Kuna ugumu mwingine ambao watazamaji hawauoni. Mikono ya michezo hii minne inagombana. Mpira wa ping-pong una gramu 2.7, mguso ukizidi kidogo tu, unaruka nje ya meza. Kinyoya cha badmintoni kina uzito wa kama gramu tano, na nguvu yake hutoka katika mzunguko wa haraka wa kigasha na vidole vinavyokaza mpini dakika ya mwisho. Kwa njia hiyo, mwaka 2023, Satwiksairaj Rankireddy wa India alipiga pigo lililopimwa kilomita 565 kwa saa katika jaribio lililofanyika Japani. Mpira wa tenisi una gramu kati ya 56 na 59.4. Ukiupiga kwa kifundo kilicholegea kama cha badmintoni, ama unapaa nje ya uwanja ama mkono unaumia. Skwoshi iko katikati: kifundo kinashirikishwa, lakini mpira wake wa gramu 24 hauna uhai mpaka uchapwe ukutani mara nyingi na kupata joto. Mchezaji wa raketiloni anapewa muda mfupi tu wa kupasha mwili kati ya mchezo na mchezo, na katika muda huo lazima mkono usahau ulichokuwa ukifanya. Wengi hupoteza pointi tatu nne za kwanza kabla mkono haujatii.

Hata hivyo, historia inaonyesha kwamba watu wa kuvuka mipaka hiyo wamekuwapo muda mrefu kabla ya jina la raketiloni. Fred Perry wa Uingereza alikuwa bingwa wa dunia wa ping-pong mwaka 1929 huko Budapest. Kisha akageukia tenisi na kutwaa Wimbledon mara tatu mfululizo, 1934, 1935 na 1936. Kathleen McKane, Mwingereza mwenzake, alishinda ubingwa wa All England wa badmintoni kwa mchezaji mmoja mmoja mara nne kati ya 1920 na 1924, na katika mwaka huo wa 1924 akashinda pia Wimbledon, ushindi aliourudia 1926. Ann Jones aliwahi kucheza fainali za dunia za ping-pong katika miaka ya 1950, na mwaka 1969 akawa malkia wa Wimbledon. Hawa watatu hawakuzigawanya hazina zao. Walichokijifunza mezani kuhusu mzunguko wa mpira, au wavuni kuhusu kuusoma mwili wa mpinzani, walikwenda nacho kwenye nyasi.

Sasa tulete raketi hizo nne Lubumbashi, jiji la Katanga, kusini mwa Kongo.

Jiji hili lina komine saba, na komine inayobeba jina la jiji lenyewe ndiyo kiini chake cha kale, ule upande uliopimwa barabara kwa mistari iliyonyooka tangu 1910, jiji likiitwa Élisabethville. Mpango wa wakoloni uliwatenga Wazungu na Waafrika kwa ukanda wa ardhi usiojengwa, na michezo ikafuata mgawanyo huo. Kandanda lilikwenda kwenye makazi ya Waafrika. Mwaka 1939 mapadri Wabenedikto wa Saint-Boniface walianzisha timu ya vijana ambayo leo dunia inaijua kwa jina la TP Mazembe, mabingwa wa Afrika mara tano, na klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, Desemba 2010. Tenisi ilibaki upande wa pili wa ukanda ule, katika vilabu vya maofisa na wakubwa wa kampuni ya migodi ya Union Minière. Jiji lilibadilishiwa jina mwaka 1966, na mwaka uliofuata mali za kampuni hiyo zikawa za taifa na kuzaa Gécamines. Lakini viwanja havihami. Mpaka leo anayetaka kucheza tenisi Lubumbashi huelekea katikati ya jiji, kwenye vilabu kama Cercle Makutano, wakati shabiki wa Mazembe huelekea uwanja wa timu yake katika komine ya Kamalondo.

Ping-pong ilivuka ukanda huo kwa urahisi zaidi, kwa sababu haihitaji uwanja. Mbao mbili juu ya miguu imara zinatosha, na wavu wa sentimita 15.25 unaweza kushonwa nyumbani. Shule za misheni zilikuwa na uwanja wa ndani na watoto wengi wa kushughulishwa baada ya masomo; Wasalesiani, waliofika hapa mwaka 1911, waliufanya mchezo kuwa sehemu ya malezi yao popote walipojenga. Ubelgiji yenyewe, ambako wengi wa wamisionari hao walitoka, ni nchi ya ping-pong: Jean-Michel Saive alifika namba moja duniani mwaka 1994. Na Kongo ilipoandaa Michezo ya Francophonie, Kinshasa, mwaka 2023, ping-pong ilikuwa katika orodha.

Skwoshi ina habari tofauti, na ramani yake inafundisha mengi. Ni mchezo uliozaliwa katika shule ya Harrow, Uingereza, katika karne ya 19, ukasambaa pamoja na bendera ya Waingereza. Ndiyo maana ukitoka Lubumbashi kwenda kusini yapata kilomita 90, ukavuka mpaka wa Kasumbalesa, unaingia katika nchi nyingine kabisa ya raketi. Miji ya migodi ya Zambia, kama Kitwe, Chingola na Mufulira, ilijengewa vilabu vya wafanyakazi vyenye kuta za skwoshi jirani na viwanja vya tenisi. Shaba ni ile ile, udongo ni ule ule mwekundu, hata watu wa pande mbili za mpaka ni ndugu wa lugha na ukoo. Aliyechora mpaka ndiye aliyeamua mtoto gani atakua akisikia mpira unagonga ukuta na yupi hatausikia. Badmintoni nayo ilipata sheria zake za awali huko Poona, India, katika miaka ya 1870, ikaenea Afrika Mashariki kwa nguvu kupitia Waasia na vilabu vyao vya gymkhana, kutoka Nairobi hadi Dar es Salaam. Kwa hiyo vipande vinne vya raketiloni vimetawanyika kuizunguka Katanga kwa sababu za historia, wala si kwa sababu watu wa sehemu moja wana mikono ya skwoshi na wengine ya tenisi.

Kuna jambo jingine linaloifanya Lubumbashi kuwa mahali pa pekee kwa mchezo huu, nalo ni kimo chake. Jiji limekaa kwenye uwanda wa zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na kitu chochote kinachoruka hupata upinzani mdogo. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi limeidhinisha mipira maalumu kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219, kiasi ambacho kinapita karibu kabisa na kimo cha jiji hili. Mchezaji wa pwani akija hapa na mpigo wake wa kawaida ataona mipira yake ikianguka nje ya mstari wa nyuma, na atailaumu raketi kabla hajakumbuka hewa.

Kinyoya ndicho kinachoathirika zaidi, kwa kuwa mwendo wake wote unategemea kukwama hewani. Sheria za badmintoni zina kipimo kizuri ambacho mwalimu yeyote anaweza kukitumia: simama kwenye mstari wa nyuma, piga kinyoya kwa nguvu zote kutoka chini kwenda juu, kuelekea upande wa pili. Kinyoya kinachofaa kwa mahali hapo huanguka kati ya sentimita 53 na 99 kabla ya mstari wa nyuma wa upande ule. Kikiupita, ni cha kasi mno kwa kimo hicho, na watengenezaji huuza vya polepole kwa ajili ya nyanda za juu. Anayenunua vinyoya bila kuuliza hilo anapoteza dola zake.

Halafu kuna baridi. Watu wasioijua Katanga hudhani Kongo yote ni joto la msitu. Juni na Julai, usiku na alfajiri, kipimajoto cha Lubumbashi hushuka chini ya nyuzi 10. Mpira wa skwoshi katika hali hiyo hauruki. Unaanguka miguuni mpaka wachezaji wauchape kwa dakika kadhaa. Kwa upande mwingine, miezi hiyo hiyo haina mvua, na uwanja wa udongo wa tenisi unakuwa mkavu tangu Mei mpaka Septemba. Mvua za Novemba hadi Machi hugeuza hesabu yote: tenisi ya nje inasimama, ping-pong ya ndani inaendelea. Anayeshika raketi moja tu ana nusu mwaka wa kungoja. Anayeshika nne hangoji.

Inafaa kutaja hapa kwamba dunia imejaribu njia nyingine ya kuunganisha raketi, na njia hiyo imefanikiwa zaidi kwa idadi ya watu. Badala ya kuipanga michezo kwa mfuatano, waliichanganya ikawa mmoja. Mwaka 1965, katika kisiwa cha Bainbridge karibu na Seattle, Marekani, Joel Pritchard na rafiki zake Bill Bell na Barney McCallum waliushusha wavu wa badmintoni, wakachukua mpira wa plastiki wenye matundu na vibao vinavyofanana na vya ping-pong, ikazaliwa pickleball. Miaka minne baadaye, huko Acapulco, Mexico, Enrique Corcuera aliuzungushia kuta uwanja mdogo wa tenisi, akapata padel, yenye wavu wa tenisi na kuta za kurudisha mpira kama skwoshi. Padel sasa imejaa Hispania na Argentina, na imeshafika katika miji mikubwa ya Afrika.

Michezo hiyo miwili ni rahisi kuanza, na urahisi huo ni fadhila. Saa moja inatosha kwa mgeni kufurahi. Lakini imeufuta ugumu ambao raketiloni inauhifadhi. Katika padel, mtu wa tenisi na mtu wa skwoshi wote wanajifunza mchezo mpya, na baada ya muda wanafanana. Katika raketiloni kila mmoja anabaki na alikotoka. Mtoto wa meza ya parokia anamkuta mwanachama wa klabu ya tenisi, kila mmoja anamwona mwenzake akiwa bwana na kisha akiwa mtumwa ndani ya saa moja na nusu, na ubao mmoja unawahukumu wote wawili. Katika jiji ambalo michezo ya raketi iligawanywa kwa kuta na ada za uanachama, jambo hilo lina uzito kuliko burudani.

Vizuizi vipo, na si vidogo. Raketi nne ni gharama kubwa kwa kijana wa komine ya Katuba au ile ya Kenya. Uwanja wa skwoshi wenye vipimo kamili, mita 9.75 kwa 6.4, haujengwi kwa michango ya Jumapili. Ukumbi wenye paa la juu kwa ajili ya kinyoya ni adimu, ingawa tangu 2019 shirikisho la dunia la badmintoni limetoa aina ya kuchezea nje, yenye kinyoya kinachostahimili upepo kiasi.

Lakini hakuna sheria inayomkataza mtu kuanza na alivyonavyo. Ping-pong, kinyoya na tenisi pekee zinampa anayeshinda zote angalau pointi 63, na mantiki ya hesabu inabaki ile ile. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina vijana tele. Vilabu vya katikati ya jiji vina viwanja vya tenisi ambavyo mchana wa siku za kazi havijai. Parokia zina meza. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika barua tatu na kupanga siku moja ya Jumamosi, mwezi wa Juni au Julai, udongo ukiwa mkavu: asubuhi mezani, adhuhuri kwenye kinyoya, alasiri kwenye tenisi, na jumla ya pointi ikiandikwa mahali ambapo kila mtu anaiona. Viongozi wa vilabu wafungue mageti siku hiyo bila kudai kadi ya uanachama. Na msomaji mwenye raketi moja nyumbani amtafute jirani mwenye raketi ya aina nyingine, wabadilishane masomo kuanzia wiki hii.